Kumbukumbu, Gigabaiti Nane, Idadi Mbili

Tarehe 3 Machi

Kwako binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ambazo nimezibeba siku nyingi kama mtu aliyebeba yai kiganjani. Ninatumaini mshono wako wa hospitali haukusumbui tena majira ya baridi, na kwamba kazi yako ya ufundi wa kompyuta inakwenda vyema. Msalimu sana mkwe wangu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo kwa kuwa limezoea kutajwa katika barua zangu zote, nalo linakusalimu.

Baada ya salamu hizo, nina ombi. Kwa mashine yangu ya chapa nimekwisha kuwaandikia wateja maombi mengi, ya mashamba, ya mirathi na ya mishahara iliyocheleweshwa, lakini hili limenitoa jasho kuliko hayo yote. Ninakusihi usiikunje karatasi kabla ya kufika mwisho.

Ombi linamhusu mama yako. Ninatambua kwamba huu ni mwaka wa pili hamjasemezana, na kwamba namba yake umeifungia kwenye simu yako. Siandiki ili kuhukumu. Ninaandika kwa sababu tangu alipozimia Desemba akiwa kwenye usukani, na daktari akampiga marufuku kuendesha kwa ajili ya moyo wake, mama yako amekaa. Sina kitenzi kingine. Mwanamke aliyeendesha lori la magurudumu kumi na nane kwa miaka ishirini na sita, ambaye madereva wenzake walimwita Mama Gia, sasa hukaa sebuleni kwenye kiti cha mbao akiuelekea ukuta, na mkono wake hunyoosha vidole kuitafuta gia isiyokuwepo. Nikimuuliza anawaza nini, hunijibu kwamba anasubiri foleni isogee.

Mwezi uliopita jirani yetu kinyozi alimwonyesha kwenye simu watu wanaoendesha malori ya gemu huku wakizungumza, na maelfu ya watu wakiwatazama mubashara. Mama yako alitazama kwa saa mbili. Kisha alieleza kutoridhishwa kwake na namna dereva mmoja alivyoingia kwenye kona. Hiyo ndiyo kauli ndefu kuliko zote alizotoa tangu Desemba.

Hivyo basi, ninaomba unichagulie vipuri vya kompyuta ya kuanzia, ya bei ya chini, iwezayo kucheza gemu hiyo na kuirusha hewani kwa wakati mmoja. Kiasi nilichonacho nimekiandika kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya bahasha. Usukani na pedali za gemu kinyozi ameshatupatia kwa mtu aliyechoka navyo.

Siombi umsamehe. Hilo si la kuombewa na mtu wa tatu, hata akiwa mume. Ninaomba orodha tu.

Ndimi mzazi wako,
Baba

*

Tarehe 19 Machi

Shikamoo Baba,

Mshono umepoa, mkweo hajambo, na goti mwambie nimezipokea salamu zake. Na wewe unakula? Ulipoandika mara ya mwisho ulisahau kusema, na ukisahau kusema najua maana yake.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nimeona kwamba orodha si msamaha. Orodha ni orodha. Ila kwanza, Mama hajawahi "kueleza kutoridhishwa kwake" tangu azaliwe. Alisema nini hasa?

Haya, sikiliza. Prosesa ndiyo injini. Chukua ya viini sita, ya toleo lililopita; ya mwaka huu ni ya watu wa kujionyesha. Bodi ndiyo chesisi, kila kitu kinafungwa juu yake. Kubwa kuliko yote: bodi na prosesa ziwe za soketi moja, la sivyo utakuwa umenunua injini ya trekta kwa ajili ya pikipiki. RAM iwe gigabaiti kumi na sita, lakini ije kwa vipande viwili vya nane nane, si kimoja cha kumi na sita. Vikiwa viwili vinabeba mzigo pamoja kama matairi pacha ya nyuma. Diski iwe SSD ya mia tano. Pawasaplai, ile ya kulisha umeme, usichukue ile ya bei ya karanga, maana ikifa huwa haifi peke yake. Kasha liwe na matundu mbele, lipumue. Feni ya prosesa iwe ya kimya, hata kama imezidi bei kidogo. Mama akiwa kwenye mlima alikuwa anazima hata redio.

Kadi ya picha usinunue. Ndiyo ghali kuliko vyote, na ndiyo itakayobeba kazi ya kurusha picha hewani bila kuichosha injini. Hapa karakana ninayo moja iliyotumika, nimeifufua mwenyewe. Nitaituma kwa basi. Usimwambie imetoka kwangu.

Intaneti iwe ya waya, sio ya kukamata hewani. Kamera ya kumwonyesha uso itakuwa simu yako.

Ni hayo tu.

Binti yako

*

Tarehe 2 Aprili

Kwako binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimekula, na ninaendelea kula. Mama yako pia ni mzima kwa kadiri unavyomfahamu.

Ninakushukuru kwa orodha, ambayo ilijaa hekima. Kwa kuwa iliandikwa kwa lugha ya karakana, nilionelea vyema niiweke katika lugha inayofaa kuwasilishwa mbele ya muuzaji. Nimeichapa kwa nakala tatu, na moja nimekuambatishia humu. Muuzaji aliisoma akiwa amesimama. Aliniuliza kama ni hati ya mahakama. Nilimjibu kwamba ni orodha ya manunuzi, lakini kwamba hakuna ubaya manunuzi yakiwa na adabu.

Vitu vyote vimepatikana, na ninaona fahari kukujulisha kwamba kwenye kumbukumbu, yaani RAM, tumeokoa fedha nyingi mno. Tuliviunganisha juu ya meza ya kulia chakula, mimi na kinyozi, kwa kufuata karatasi za maelekezo. Tumekwama mahali pawili. Kwanza, kichakataji, yaani prosesa, kinakataa kukaa kwenye ubao. Sikulazimisha. Nimejifunza kwenye milango ya ofisi kwamba usiofunguka kwa upole haufunguki kwa teke. Pili, zile kumbukumbu mbili ni fupi kama kidole, na zinaingia kwenye kijitundu cha nje cha kasha, ilhali juu ya ubao kuna mifereji mirefu iliyobaki mitupu. Kuhusu soketi usiwe na wasiwasi. Nilinunua waya wa kugawia umeme, na kila kitu kinatumia soketi moja kama ulivyoagiza.

Uliuliza mama yako alisema nini hasa kuhusu yule dereva. Alisema: "Huyu anaingia kona na gia ya juu hivyo, huyu ataua watu."

Jambo la mwisho. Tulipokuwa tumeinama mezani, mama yako aliinuka kwenye kiti chake bila kuitwa, akaja akasimama nyuma yetu. Aliuliza nani ametoa orodha. Nilisema ni mtaalamu mmoja. Lakini karatasi yako ya mkono ilikuwa pale mezani, akaichukua, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Aliweka kidole kwenye yale maneno yako, matairi pacha ya nyuma.

Mzazi wako,
Baba

*

Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini mko salama. Mimi nimecheka mpaka fundi mwenzangu akaniletea maji. Wewe umemwandikia mtu wa duka "Kumbukumbu, gigabaiti nane, idadi mbili," naye kakupa flashi mbili! Zile za kuhamishia picha na nyimbo. RAM ni kitu kingine kabisa, ni vibao virefu vinavyokaa kwenye hiyo mifereji unayoniambia mitupu. Na soketi, Baba, sio ya ukutani. Ni kile kiti juu ya bodi ambacho prosesa inakalia. Ukaandika "viwe vya kutumia tundu moja la umeme," ukauziwa bodi ya ukoo huu na prosesa ya ukoo ule, na waya juu yake. Ahsante kwa kutolazimisha. Ungezipinda pini, tungezika.

Rudisha flashi na bodi. Nenda na karatasi yangu, ile ile yenye madoa ya mafuta. Usiichape. Mpe hivyo hivyo ilivyo.

Nilitaka niishie hapo.

Baba, huwa unanyoosha maneno ya watu. Nimeishika hii nakala ya orodha yako, nikairudia mara tatu bila kujua natafuta nini. Halafu nikaiona. Herufi ya k ya mashine yako imekatika mguu. Nikaenda kwenye sanduku nikatoa barua ya Mama ya mwaka juzi. K ni ile ile.

Kwamba uliichapa wewe nilijua siku zote. Mama kuandika kwake ni shida, kila kitu chake unachapa wewe. Ila sikuwahi kujiuliza maneno ni ya nani.

Unaikumbuka? Mimi naijua kwa moyo. "Napenda kukuomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza kutokana na kutokuwepo kwangu." Nilikuwa bado wodini. Mtoto wangu, ambaye hakulia hata mara moja, alikuwa ameshazikwa na mimi sipo. Mume wangu alikuwepo kila siku, namshukuru Mungu, lakini kuna mahali pa mama peke yake. Nilimsubiri siku tisa. Kila mlango ukilia nasema ndiye. Siku ya kumi ikaja hiyo. Usumbufu. Kama vile mtaani maji yamekatika.

Ndiyo maana nilimfungia namba.

Nijibu jambo moja. Alisema nini hasa?

Binti yako

*

Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Mashine ya chapa nimeifunika kitambaa. Hii ninaiandika kwa mkono, na utanisamehe mwandiko.

Nimechelewa wiki sita. Haikuwa kwa kukosa jibu. Jibu nilikuwa nalo tangu nilipofikia neno lile la maji kukatika. Nilichelewa kwa sababu ilinipasa kwanza kumwambia mama yako nilichokifanya, na kila asubuhi nilipata mteja wa kunizuia.

Maneno yale ni yangu. Nilijifunza kuandika kwa kuokota mafaili yaliyotupwa nyuma ya ofisi ya ardhi. Hapakuwa na mwalimu. Kila barua njema niliyoiona ilikuwa ya ofisi, nami nikaamini kwamba ndivyo mtu anavyozungumza anapotaka aheshimiwe. Usiku mmoja, wewe ukiwa bado wodini, mama yako alinipigia simu akiwa njiani na kuniambia, mwandikie mwanangu, mimi nikimpigia nitalia tu. Aliyoyasema niliyaona hayana mpangilio. Nikayapanga.

Nilipomweleza, hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo hakuyapata?" Kisha akaingia chumbani, na siku nne chakula alikipokelea mlangoni. Siku ya tano aliniita, akaniambia nikae, nichukue kalamu, niandike anavyosema. Haya hapa. Sikugusa kitu.

"Mwambie nilifika. Siku ya pili tu nilifika. Nikaegesha lori mbele ya geti la hospitali, nikawa naliona jengo. Nimekaa humo ndani toka asubuhi mpaka mlinzi akaja kunitimua, eti nimeziba njia. Miguu ilikataa kushuka. Kabla yake yeye nilizaa mwingine, naye hakulia. Hakuna mtu aliniambia kitu. Walinipa chai, basi. Sasa mimi ningemwambia nini mwanangu? Nimpe chai? Nikawasha gari. Mwambie niliondoka kama mwizi. Simwambii anisamehe. Namwambia nilifika."

Utaniuliza kwa nini niliyaondoa. Nimejiuliza pia, na majibu mazuri yote niliyojipa hayakusimama. Ukweli ni kwamba mtoto yule wa kwanza alikuwa wangu pia. Nilifika kwenye sentensi yake, vidole vikiwa juu ya herufi, nikakuta sijui namna ya kumwandika. Nikamruka. Ukishamruka yeye, yanayobaki hayana maana, ndipo nikaweka yale ya ofisini.

Wewe ulinyimwa mama yako miaka miwili, naye akanyimwa wewe, akidhani umeyasoma na kuyakataa. Sina fungu la maneno linalotosha kwa hilo. Nimewakosea. Nisamehe ukiweza.

Kuhusu mashine, ili usiwe na wasiwasi. Muuzaji alipoiona karatasi yako alisema, "Si ungeniletea hii toka mwanzo, mzee wangu?" Akabadilisha vyote. Prosesa ilikaa kwenye kiti chake bila kusukumwa. Kadi yako ilifika salama, na mama yako aliifungua mwenyewe, akaigeuzageuza, akasema aliyeipangusa hii ana mkono mzuri. Anaendesha kila siku baada ya chai. Mgongo umenyooka. Jana alimkemea dereva mwenzake wa kwenye gemu hadi kinyozi akaja kuuliza kuna nini.

Kurusha hewani ndiko kumemshinda. Kila kitu kiko tayari. Anapeleka kidole hadi kwenye kile kitufe, kisha anakirudisha. Anasema hawezi kuzungumza na watu asiowajua wakati anayemjua hazungumzi naye.

Baba

*

Tarehe 30 Juni

Baba,

Hii si yako. Msomee Mama kama ilivyo, hata mahali nilipokosea.

Shikamoo Mama,

Habari ya moyo? Dawa unameza zote, au unaruka zile za mchana kama ulivyokuwa unaruka chakula?

Nimeandika hii mara tatu nikachana. Sasa naandika tu.

Kitanda changu kilikuwa cha dirishani. Siku hiyo ya pili nesi aliingia analalamika kwamba kuna lori limeziba geti na gari la wagonjwa linapiga honi halipiti. Wenzangu wodini walikuwa wanamtukana huyo dereva, mimi nikachungulia. Niliona paa lake tu, la bluu kama la lori lako. Nikasema moyoni, malori ya bluu ni mengi. Nikalala.

Sijui kama nimekusamehe, Mama. Nikisema ndiyo nitakuwa naongea kama barua za Baba. Najua tu kwamba hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu ambaye hakuja, na mtu huyo hayupo. Aliyepo ni mwingine, na huyo bado sijajua nimfanyeje. Ila namba nimeifungua.

Hilo suala la kwenda hewani, usianze na maelfu. Kwenye mpangilio wa matangazo kuna mahali pa kuchagua nani akuone. Kinyozi akuwekee mtu mmoja tu, mwenye kiungo, ile linki ya kufungulia. Kiungo nitumie mimi. Jumapili asubuhi, nikishafua. Wewe utaendesha, mimi nitakaa kiti cha utingo, pembeni yako. Ukitaka kuongea, ongea. Usipotaka, tutaangalia barabara.

Na kuna kitu hakuna mtu amewahi kuniuliza. Wote walisema pole, pole, Mungu ana mipango yake, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mtoto alikuwa wa kike. Nilitaka uniulize wewe. Haya, nimekwambia.

Wa kwako alikuwa nani?

Binti yako

*

Tarehe 5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Dawa nameza, hata za mchana.

Baba yako ndiye anaandika. Nimemkalia hapa pembeni, nimemwambia akiongeza neno lake hata moja namkata mkono.

Wa kiume. Alikuwa na nywele nyingi, mpaka huku shingoni. Alikuwa na masikio ya baba yako.

Subiri kidogo, baba yako ameweka kalamu chini.

Ameishika tena.

Jumapili nipo.

Mama